Uzio wa Dhahabu Kwenye Mlango wa Shimo

Habari ya kifo chake nilipewa na fundi wa rejeta pale mtaa wa Gerezani, Jumanne asubuhi, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Yule mzee wako wa herufi katutoka. Alfajiri. Wanazika baada ya adhuhuri." Nikasema tunalosema sote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, halafu nikakaa juu ya tairi chakavu, maana mguu wangu haupendi kupokea habari umesimama. Wasomaji wangu mguu huu mmeuzoea kwenye safu hii kama mlivyozoea bei ya nyanya. Kila mara naulalamikia, ila sijawahi kuwaeleza ulivunjikaje. Leo nitaeleza, kwa sababu aliyelazwa kaburini juzijuzi ana sehemu yake katika kuvunjika huko, na ana sehemu yake pia katika jambo jema ambalo halikukamilika. Mkitaka mtu wa kumsifu marehemu mpaka jasho limtoke, walikuwepo msibani, wala hawakuwa wachache. Mimi nitamsema kama alivyokuwa. Wengine wenye makosa nitawataja kwa kazi zao. Wenyewe wanajijua.

Alikuwa fundi wa mabango. Mtu mrefu, mkavu, msafi mpaka anaudhi, kofia yake ya viua haijawahi kukaa upande. Banda lake lilibanwa kati ya wauza vipuri na wachomelea vyuma, cheche zinaruka huku, moshi unapita kule, na yeye katikati anaandika kama mtu aliye peke yake duniani. Majivuno alikuwa nayo, tena hakuyaficha. Wenzake wote aliwaambia wanapaka, hawaandiki. Na majivuno yake yote yalikaa kwenye aina moja ya herufi, ambayo aliiokota ujana wake kwenye boksi tupu la manukato, akalihifadhi boksi lile mpaka anazeeka. Mtaani tuliiita herufi ya manukato. Mmeiona, hata kama hamkujua ina jina. Nguzo zake zinasimama wima, nene, zimeshiba. Kinachounganisha nguzo na nguzo ni mstari mwembamba kama uzi wa cherehani. Chini ya kila nguzo kuna kikanyagio kimelala bapa, chembamba kama wembe. O yake imejaa mbavuni, halafu inakonda juu na chini mpaka unadhani itakatika. Unene alikuwa anauandika kwa brashi pana, pumzi moja, na uzi anauandika kwa brashi yenye nywele za kuhesabu, mkono wake wa kulia umeegemea fimbo ili usitikisike. Wakati wa kuandika uzi hata wachomelea vyuma walikuwa wananyamaza, si kwa heshima, kwa kuogopa matusi yake.

Na lazima niseme kweli, ilikuwa nzuri. Mimi si msomaji mkubwa, nimeishia darasa la saba na hapo penyewe nilifika kwa taabu, lakini nilikuwa nikipita mbele ya duka la mavazi ya maharusi lililoandikwa na mkono wake, napunguza mwendo na mzigo wangu kichwani. Neno moja tu, ukuta mweupe umeliachia nafasi pande zote, kama bibi harusi aliyeachiwa mkeka mzima akae peke yake. Fundi alikuwa na sheria zake na alizisema kama kadhi. Herufi hii inataka ukubwa. Inataka maneno machache. Inataka mwanga, na inataka mtu aliye karibu, aliyesimama, asiye na haraka. Kadi ya harusi, sawa. Duka la manukato, la hariri, la vito, sawa. Jina la kitabu juu ya jalada, sawa. Lakini ukiiandika ndogo nyuzi zinakufa, ukiiandikia mtu wa ng'ambo ya barabara nyuzi zinakufa, ukiweka rangi ya kung'aa juu ya rangi nzito gizani nyuzi zinakufa, na herufi isiyo na nyuzi, alisema, ni mbavu bila nyama.

Muuza nyama mmoja alikuja bandani kwake nikiwepo, nimepumzika kivulini. Akasema, "Fundi, bucha langu uniandikie zile zako za manukato."

"Unauza manukato?"

"Nauza nyama, fundi, unanijua."

"Basi nenda kauze nyama. Mtu anakuja kununua utumbo, wewe unataka nimwandikie kama anaolewa?"

"Kwani hela yangu inanuka?"

"Haitanuka hela, itanuka herufi. Nitakuandikia nene, nyekundu, mtu aione akiwa bado barabarani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe, bwana, jitembeze."

Tulicheka sote, na muuza nyama naye akacheka mwishoni, akakubali nyekundu. Likumbukeni bucha hilo. Nitalirudia, na mara hiyo hapatakuwa na mtu wa kucheka.

Ndipo likaja jengo. Liko upande wa Msimbazi, sakafu inateleza kama sabuni, vioo mpaka juu, kule mbele unaingia unajiona mwenyewe mara kumi. Tajiri mwenye jengo akamwita fundi na kumwambia anataka kila mlango, kila ngazi, kila choo, kiandikwe kwa herufi ya manukato, dhahabu juu ya kahawia, jengo zima liwe kitu kimoja. Hapa ndipo fundi alipouza sheria zake. Hakuziuza kwa shida, watoto wake walikuwa wamekula. Aliziuza kwa sababu Kariakoo nzima ingepita pale na kusema huu ni mkono wa fulani. Aliandika wiki kwa wiki, tumbo limejaa sifa. Na kwa nyuma, kwenye korido tunayopita sisi wachukuzi, kulikuwa na milango miwili ya kahawia, pacha. Wa kulia ulikuwa wa ngazi za kushukia stoo. Wa kushoto ulikuwa wa plaiwudi, na nyuma yake palikuwa patupu, kwa sababu lifti ya mizigo ilikuwa inakuja. Mpaka leo inakuja. Kwenye ule wa kulia fundi aliandika STOO, na kwenye ule wa kushoto akaandika HATARI SHIMO, kwa nyuzi zile zile, dhahabu ile ile, kwa ukubwa wa kadi ya mwaliko.

Bwana mkaguzi alikuja kulipitisha jengo. Siku hiyo taa zote za korido ziliwashwa. Akasimama karibu, mikono nyuma, hana hata mwavuli wa kumlemea, akasoma, akasema limeandikwa vizuri sana. Akaenda zake. Taa zikazimwa, kwa sababu umeme wa kuwamulikia wachukuzi ni hasara.

Siku yangu niliingia na robota la vitenge kichwani. Anayelijua jua la Kariakoo mchana anajua kwamba ukitoka nalo na kuingia gizani macho yanabaki nje, mwili ndio unatangulia. Dukani walikuwa wamenielekeza hivi: mlango wa kahawia, sukuma tu. Shingo yangu imekazwa chini ya ngata, sina mkono wa kupapasa ukuta, nikaona milango miwili ya kahawia, na yote ina mapambo ya dhahabu. Ule wa kushoto niliuona mzuri zaidi, umechorwa kama uzio. Nimelifikiria hilo miaka na sasa naweza kuwaeleza kama fundi mwenyewe. H ina nguzo mbili nene na uzi katikati. Giza likila uzi, zinabaki nguzo mbili. A inabaki mguu mmoja ulioinama. T inapoteza kichwa chake, inabaki nguzo. A nyingine, mguu. R, nguzo na kitambi kidogo. I ilikuwa nguzo tangu mwanzo. Neno zima la kumzuia mtu asife likabaki safu ya nguzo za dhahabu. Nilisukuma kwa bega. Robota lilitangulia, mimi nikafuata, na kama lisingelikuwa la vitenge leo safu hii ingekuwa inaandikwa na mtu mwingine.

Fundi alikuja kuniangalia chumbani kwangu nikiwa nimelala na plasta mpaka kiunoni. Alileta machungwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe umesoma?"

"Mpaka la saba."

"La saba wanasoma."

"Wanasoma, fundi."

"Sasa pale pameandikwa hatari, wewe ukasukuma. Ulitaka nikuandikie Kichina?"

Nikamwambia, "Pale hapajaandikwa kitu. Pale umechora uzio." Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Akaondoka bila kuaga, machungwa yakabaki.

Sikumwona tena mpaka nilipoanza kutembelea gongo la kwapani. Akaja mlangoni, kanzu imepigwa pasi, akasema, "Inuka. Twende ukanionyeshe huo uzio wako." Tukaenda, mchana, jua limesimama juu ya vichwa. Kwenye mlango wa nyuma alimsimamisha mchukuzi mmoja mwenye gunia la mchele.

"Kijana, niazime mzigo wako."

Yule akacheka. "Mzee, shingo hiyo ikivunjika sisi tutaipeleka wapi?"

"Nitwike."

Alivua kofia yake ya viua, akaikunja, akaitia mfukoni, na hilo peke yake lilinitisha. Wakamtwika. Akasimama kidogo juani kama mimi nilivyosimama, halafu akaingia, mimi nyuma na gongo langu, mchukuzi kando anamlinda. Tulipofika mbele ya milango nikamwambia, "Soma, fundi."

Nikamsikia anapumua. Baadaye akasema, "Nasoma kwa sababu najua nilichoandika."

"Na asiyejua?"

Gunia lilikuwa linamzamisha, jasho linamchuruzika puani, na bado alichukua muda wake. "Asiyejua anaona uzio."

Mchukuzi akamtua. Fundi akakaa juu ya gunia, pale pale kwenye korido, mtu ambaye sijawahi kumwona akikaa mahali pasipopanguswa. Nilingoja aniombe radhi. Hakuniomba siku ile wala siku nyingine, na sitamsingizia maiti wema ambao hakuwa nao. Alichosema ni hiki: "Muuza nyama nilimkatalia." Akakirudia, kwa sauti ndogo. "Muuza nyama, kwa ajili ya utumbo, nilimkatalia."

Tangu hapo alikuwa na jambo moja tu duniani, kuuandika upya mlango ule kabla mtu mwingine hajaupitia. Alipanda kwa tajiri. Tajiri akamjibu kwa maneno ya fundi mwenyewe, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba hawezi kutembeza ubaya ndani ya jengo lake. "Herufi nyekundu, nene, kama gereji? Wapangaji wangu watasema nini? Aliyeanguka alikuwa hatazami. Wachukuzi hawatazami, fundi, hao wanakimbia tu." Walichofanya ni kutia komeo. Wafagiaji hulifungua kutupa taka zao mle shimoni na hawalirudishi, nenda hata leo utalikuta linaning'inia. Mkaguzi alipofuatwa alisema maandishi yapo, na sheria inataka yawepo. Mlinzi akaamriwa fundi asipite na rangi. Mara moja mzee alijaribu kupita na brashi ndani ya kanzu. Mlinzi akamwambia, "Baba, nakuheshimu sana, lakini hiyo tapentaini yako imeingia getini kabla yako."

Basi akarudi bandani na kuandika kibao. Ubao mzito, mweupe, maneno yale yale mawili, mekundu, unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, hayana uzi wala kikanyagio. Alinionyesha huku amegeuza uso. "Mbaya, eh?"

"Mbaya kweli, fundi."

"Inasomeka?"

"Mpaka Msimbazi."

Alicheka, ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka kitu alichokiandika. Kibao kikaegemezwa ukutani kusubiri siku tajiri atakapokuwa na moyo. Kilichokuja ni kifua. Miaka ya kuvuta harufu ya rangi na tapentaini ilimdai mapafu yote mawili, na sauti ya kutukania wachomelea vyuma ikamwisha kwanza, nafsi ikafuata.

Mniruhusu niseme kidogo kuhusu mji huu, maana fundi alikuwa mmoja na wafuasi wake ni wengi. Siku hizi herufi ya manukato haihitaji mkono wala fimbo. Iko kwenye kompyuta ya kila kibanda cha stika, kijana anaibana, anaivuta kama chapati, anaibandika popote. Nimeiona kwenye dawa ya panya, kwenye karatasi ya maelekezo ya vidonge vya presha, ndogo kama sisimizi, mzee wa watu anaisogeza na kuirudisha machoni halafu anakunywa kwa kubahatisha. Kila mtu Bongo sasa anataka kuonekana ameandikwa vizuri. Nani atasoma, amesimama wapi, ana mwanga gani, amebeba nini, hilo si swali la mtu. Majengo yamepewa nyuso mbili, uso wa kioo unaotazama barabara, na uso wa nyuma tunaopitia sisi tunaoyajaza bidhaa, na urembo wa mbele ndio tunaotupiwa nyuma utuue. Wenye kosa ni tajiri aliyetaka kila kitu kifanane. Ni mkaguzi aliyesoma akiwa amewashiwa taa. Ni fundi, Mungu amrehemu, aliyejua na akaandika.

Msibani tajiri alikuja. Alikaa mkekani na watu, alivua viatu kama watu, na alipopewa nafasi ya kusema alisema Kariakoo imepoteza mkono wa dhahabu. Wazee wakaitikia. Nilijikokota mpaka karibu yake nikamnong'oneza, "Tajiri, na ule mlango?" Akanishika bega kwa upole, upole wa mtu asiyekuwa na wasiwasi. "Ndugu yangu, leo ni msiba. Biashara tuiache nje." Waliokuwa karibu wakanitazama mimi kwa aibu. Yeye hakuna aliyemtazama.

Binti wa marehemu ndiye aliyenipa kibao. "Baba alisema ukija upewe hiki, ba'mdogo. Alisema unajua pa kukipeleka." Kesho yake rafiki zangu wa mkokoteni walinibebea. Tajiri hakuwepo, na mlinzi ni mtu, alitazama angani akasema, "Kiegemezeni hapo mlangoni. Mimi sijaona kitu." Kilionekana, wallahi. Korido nzima ilipiga kelele kwa wekundu ule. Mchukuzi mmoja aliyekuwa anaingia alisimama ghafla na mzigo wake, akageukia mlango wa kulia. Niliondoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Nilipopita tena wiki hiyo hiyo, hakikuwepo. Mlinzi hakutaka kuniangalia usoni. Nilikikuta mwenyewe nyuma ya jengo, kwenye mtaro wa maji machafu ambao mfuniko wake uliibwa zamani. Kimelazwa juu ya mtaro, uso chini, wekundu umechungulia pembeni tu, na wachukuzi wanavukia juu yake mmoja mmoja na magunia. Nikasimama pale kama mjinga mpaka mtu nyuma yangu akasema, "Mzee, vuka au pisha, mzigo unaumiza." Nikavuka. Ubao haukutikisika. Fundi alichagua ubao mzuri. Angalau hapo unazuia mtu asitumbukie, ingawa hakuna anayeusoma.

Ndani, uzio wa dhahabu bado upo na komeo bado linaning'inia. Nasikiliza kila siku habari za mtu wa pili, na najichukia kwa kusikiliza. Somo nililolipata kwa fundi halinifariji, lakini nalitoa kwa sababu yeye alilipata kwa kuchelewa na mimi nimelilipia mguu. Kizuri kijiuze kinavyotaka, kwenye kadi, kwenye manukato, kwenye ukuta mweupe wa bibi harusi. Hatari ndiyo inayotakiwa kujitembeza, imfuate mtu njiani, imwite kwa sauti mbaya. Anayeandika neno la kumwokoa mtu ajitwike gunia kwanza, atoke juani, aingie gizani, ndipo achague herufi. Na ninyi mnaopita milango ya nyuma ya mji huu, mkiona mapambo ya dhahabu kwenye mlango wa kahawia, simameni, sogeeni mpaka pua iguse. Huenda yanawaambia msiingie.